Busha, ramani na tohara: Somo la daktari mtafiti kwa vijana wa Isiolo

Na MWANDISHI WETU

MZEE wa Merti au Garbatulla anapoanza kupata shida ya kukojoa, aghalabu hamwambii mtu. Huamka usiku mara nne, mara tano, akidhani ni uzee umebisha hodi. Siku mkojo unapofunga kabisa na tumbo likajaa kama ngoma, ndipo wanawe humpakia garini na kumkimbiza mjini Isiolo.

Hospitalini hutiwa mpira wa kutolea mkojo na hupata nafuu papo hapo. Hata hivyo, mpira si tiba. Mara nyingi chanzo cha masaibu hayo ni tezi dume iliyokua kupita kiasi, na tiba yake huenda ikahitaji daktari wa upasuaji aliyebobea. Hapo ndipo safari ya pili huanza: kilomita 50 hivi hadi Meru, au takriban 280 hadi Nairobi, mzee akiwa na mfuko wa mkojo chini ya kikoi.

Daktari anayemtibu mzee huyu hushughulika na mtu aliye mbele yake, na ndivyo inavyopasa. Lakini kuna daktari wa aina nyingine, ambaye baada ya kumtibu mgonjwa huketi na daftari na kujiuliza: Je, wangapi wamebaki nyumbani na shida kama hii? Wanatoka upande gani? Kwa nini wamechelewa? Huyo ni daktari mtafiti. Makala haya yanaeleza kazi yake katika taaluma ya magonjwa ya njia ya mkojo, jinsi anavyofunzwa, na sababu za Isiolo kumhitaji.

Taaluma yenyewe

Njia ya mkojo huanzia kwenye figo mbili, ambazo huchuja damu. Mkojo huteremka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, kisha hutoka nje. Kwa wanaume, njia hiyo hupita katikati ya tezi dume, na ndiyo sababu tezi hiyo ikivimba hubana mkojo. Mtaalamu wa fani hii hutibu pia maradhi ya korodani na ya uume, vijiwe vya figo, saratani za viungo hivyo na majeraha yake. Aidha, hushirikiana na madaktari wa akina mama katika kutibu nasuri, jeraha la uzazi linalomfanya mwanamke avuje mkojo bila kujizuia.

Ni fani inayogusa viungo ambavyo watu hawapendi kuvitaja. Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu hiyo humwumiza mgonjwa, na vilevile humpotosha mtafiti, kwa kuwa ugonjwa usiotajwa hauandikwi popote.

Daktari wa Lira

Mfano mwema wa jinsi swali dogo la njia ya mkojo linavyoweza kuzaa utafiti mkubwa ulitokea nchini Uganda, katika mji wa Lira, wilaya ya Lango.

Mwishoni mwa 1946, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alipelekwa huko na serikali ya kikoloni. Alikuwa amezaliwa 1911, na alipoteza jicho moja akiwa mvulana wa miaka 11. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa daktari wa jeshi na alihudumu Kenya na Somalia. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari maarufu jijini Nairobi. Babake, James Burkitt, alikuwa mpimaji na mhandisi wa serikali aliyependa ndege. Aliwafunga ndege vitambulisho miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja alimiliki eneo gani la bustani. Mwana alirithi tabia hiyo ya kuchora ramani, ila yeye alichora za maradhi.

Akiwa Lira, Burkitt aliwapasua wanaume wengi waliokuwa na busha, yaani maji yanayojaa katika mfuko wa korodani. Ni upasuaji wa kawaida ambao daktari mwingine angeufanya na kusahau. Burkitt aligundua jambo: wagonjwa wengi walikuwa wakitoka upande wa mashariki wa wilaya, na wachache mno upande wa magharibi.

Hapa msomaji aelewe mtego uliopo. Daftari la hospitali peke yake laweza kudanganya. Pengine watu wa mashariki walikuwa karibu na barabara, au hawakuona haya kama wenzao. Burkitt alitoka na kuzunguka wilayani ili ahakikishe, na tofauti ile ikabaki pale pale. Mnamo 1951 alichapisha ripoti kuhusu busha katika jarida la madaktari la Lancet. Baadaye tofauti hiyo ilihusishwa na minyoo ya filaria, ambayo huenezwa na mbu na kuziba mishipa ya maji mwilini. Minyoo hiyo hiyo ndiyo iletayo busha na matende katika kaunti za pwani ya Kenya, kama vile Kwale, Kilifi na Lamu.

Burkitt alihamia Kampala 1948, katika hospitali ya Mulago. Mnamo 1957, Dkt Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyekuwa na uvimbe wa ajabu katika taya. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Akatumia mbinu ile ile ya Lira. Kwa msaada wa pauni 25 tu, alituma karatasi zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama zimewahi kuona uvimbe kama huo. Mwezi wa Oktoba 1961, pamoja na Dkt Edward Williams na Dkt Clifford Nelson, aliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Kwa muda wa wiki kumi walisafiri maili 10,000 hivi, wakibisha milango ya hospitali moja baada ya nyingine hadi kusini mwa bara.

Ramani iliyotokea ilionyesha kwamba ugonjwa huo ulipatikana zaidi katika maeneo yenye joto na mvua, yale yale yanayosumbuliwa na malaria. Wanasayansi wa London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walichunguza vipande vya uvimbe kutoka Uganda, na mnamo 1964 wakatangaza virusi vipya vilivyopewa jina la Epstein na Barr. Saratani yenyewe inaitwa hadi leo kwa jina la Burkitt, aliyefariki 1993.

Kutoka ramani hadi jaribio

Ramani huzaa swali, lakini haitoi hukumu. Jambo hilo linadhihirika katika utafiti mwingine uliofanyika hapa Kenya.

Mnamo 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba cha Canada vilianza ushirikiano wa kuchunguza pangusa, ugonjwa wa zinaa unaoleta vidonda sehemu za siri. Miongoni mwa waliohusika walikuwa Herbert Nsanze na Jeckoniah Ndinya-Achola wa Nairobi, pamoja na Allan Ronald na Frank Plummer kutoka Canada. Ukimwi ulipozuka, watafiti hao walikuwa tayari na kliniki, maabara na wafanyakazi wenye ujuzi. Mnamo 1989 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume waliotibiwa maradhi ya zinaa Nairobi. Wale ambao hawakutahiriwa, na wale waliokuwa na vidonda, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi.

Mwaka uliofuata, Stephen Moses na wenzake, Ndinya-Achola akiwamo, walilinganisha maeneo ya Afrika yenye desturi ya tohara na yale yasiyo nayo. Palipokuwa na tohara, maambukizi yalikuwa machache. Kwa mara nyingine ramani ilikuwa imeuliza swali.

Wakosoaji walikuwa na hoja nzito. Jamii zinazotahiri hutofautiana na nyingine kwa mengi: dini, ndoa, unywaji wa pombe. Ungejuaje kwamba kinga inatokana na kisu cha ngariba na si mambo hayo? Jibu lilihitaji jaribio ambamo bahati nasibu, wala si desturi, ingeamua nani atahiriwe sasa na nani asubiri.

Jaribio hilo lilianza Kisumu mwaka wa 2002, likiongozwa na Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois akishirikiana na Moses na Ndinya-Achola. Wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walijitolea. Wote walipewa ushauri na kondomu. Nusu walitahiriwa mara moja, na nusu wakaombwa wangoje miezi 24. Mnamo Desemba 2006, kamati huru ya kusimamia usalama iliagiza jaribio lisitishwe kabla ya wakati, kwani jibu lilikuwa wazi. Katika muda wa miaka miwili, maambukizi yalikuwa asilimia 2.1 kwa waliotahiriwa na asilimia 4.2 kwa waliongoja. Hatari ilikuwa imepungua kwa asilimia 53. Majaribio ya Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini yalitoa matokeo yanayofanana na hayo.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya hiari mnamo Machi 2007, na Kenya ikaanza mpango wake wa kitaifa 2008. Pendekezo hilo lilikuja na onyo: tohara hupunguza hatari wala haiiondoi, na kondomu bado inahitajika.

Nani aliwafunza?

Kuna sehemu ya hadithi hiyo ya Kisumu isiyosimuliwa mara kwa mara. Jaribio kama lile lingevunjika iwapo upasuaji wenyewe ungeleta madhara. Miongoni mwa waandishi wa ripoti ya 2007 alikuwemo John Krieger, daktari bingwa wa njia ya mkojo kutoka Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Yeye na wenzake walieleza utaratibu mmoja wa kupasua uliofuatwa Kisumu, na mnamo 2005 wakachapisha matokeo yake. Madhara yaliyotokana na upasuaji yaliwapata asilimia 1.5 tu ya waliotahiriwa katika jaribio, nayo yalipona upesi. Kwa kuwa utaratibu ulikuwa umeandikwa hatua kwa hatua, iliwezekana baadaye maafisa wa kliniki na wauguzi kufunzwa kazi hiyo, na huduma haikulazimika kungoja madaktari bingwa.

Mratibu wa jaribio hilo alikuwa Kawango Agot, Mkenya aliyesomea jiografia ya maradhi katika Chuo Kikuu hicho cha Washington, na ambaye baadaye aliongoza shirika la utafiti mjini Kisumu. Hapo ndipo penye kiini cha kumlea mtafiti. Mwanafunzi hapewi hotuba tu. Hupewa swali, hupewa sehemu ya kazi iliyo yake, hukosolewa, jina lake huandikwa katika ripoti, kisha huachiwa kazi aiendeshe na awalee wengine.

Njia ni ndefu. Katika Kenya, shahada ya udaktari huchukua miaka sita, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Anayetaka kubobea katika upasuaji wa njia ya mkojo ana mlango wa chuo kikuu, au ule wa Chuo cha Wapasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoasisiwa 1999 na chenye makao yake Arusha. Chuo hiki hakina madarasa yake. Hospitali zilizoidhinishwa ndizo darasa. Hatua ya kwanza ni miaka miwili, na ya pili mitatu. Jumla, tangu kuingia chuo kikuu, ni miaka isiyopungua 12.

Utafiti una masharti yake juu ya hayo. Mtafiti lazima aandike pendekezo, alipeleke kwa kamati ya maadili, na apate kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Burkitt alifanya kazi katika enzi ambayo mgonjwa hakuulizwa mengi. Leo kila anayeshiriki ni sharti aelezwe kwa lugha anayoielewa, akubali kwa hiari, na awe na uhuru wa kujitoa. Kwa Isiolo, hiyo ina maana ya Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, pamoja na Kiswahili.

Maswali yanayongoja Isiolo

Je, Isiolo ina jambo gani la kumpa kijana mwenye ari kama hiyo? Yapo mengi, na baadhi yake hayawezi kujibiwa vizuri kutoka Nairobi.

Chukua uvimbe wa korodani. Pwani, daktari akiuona huenda akafikiria kwanza busha na minyoo ya filaria. Isiolo ni nchi ya ngamia na mbuzi, na maziwa mabichi ni chakula cha kila siku. Maziwa ya mnyama mgonjwa huweza kumwambukiza binadamu bruselosi. Wengi huijua kwa homa isiyokoma na maumivu ya viungo, lakini kwa baadhi ya wanaume hushambulia korodani zikavimba na kuuma. Mgonjwa huyo hahitaji kisu. Anahitaji dawa mbili pamoja, kwa wiki sita hivi. Akidhaniwa kuwa na ugonjwa mwingine na kupewa dawa za siku tano, atarudi.

Kinyume chake, kijana aliyeshikwa ghafla na maumivu makali ya korodani moja huenda ana korodani iliyojisokota na kukatiwa damu. Huyo ana saa sita hivi tu za kufanyiwa upasuaji kabla korodani haijaanza kufa. Kwa anayetoka Merti au Oldonyiro, saa hizo zaweza kumalizikia barabarani. Mtafiti angeuliza: kati ya wanaofika na uvimbe, wangapi wana bruselosi, wangapi wamejisokota, na muuguzi wa zahanati atawatofautishaje pasipo mashine ya picha? Jibu lake lingeokoa watu mwezi ule ule lipatikanapo.

Swali la pili ni vijiwe vya figo. Inajulikana duniani kwamba katika maeneo ya joto na ukavu watu hupoteza maji mengi kwa jasho, mkojo hukolea, na vijiwe hutokea kwa urahisi zaidi. Wafugaji hutembea mchana kutwa na maji machache, na visima kadhaa vya kaskazini vina maji ya chumvi. Je, wanaokunywa maji ya visima hivyo wanaugua vijiwe kuliko wanaokunywa ya mto Ewaso Nyiro? Hapo ipo ramani inayongoja kuchorwa, kisima kwa kisima, kama Burkitt alivyofanya kijiji kwa kijiji.

La tatu linahusu tohara yenyewe. Waborana, Wasomali, Wasamburu na Wameru wa Isiolo hutahiri kwa desturi, ilhali Waturkana kwa jadi hawatahiri. Huduma inapopelekwa kwa jamii moja katika mji wa jamii nyingi, yataka busara isigeuke kuwa kejeli. Kisumu walifaulu kwa kuwashirikisha wazee mapema.

La nne ni mzee wetu wa mwanzo. Kati ya siku ya kwanza ya kuhisi shida na siku ya kufunga mkojo, huwa imepita miaka mingapi? Nini kilimzuia: nauli, aibu, au kutojua kwamba kuna tiba? Ugumu ni kuwa familia za wafugaji huhama zikifuata malisho. Kumfuatilia mtu miezi 24 mjini Kisumu ni kazi. Kumfuatilia anayehama na ngamia ni kazi maradufu. Mtafiti aliyekulia hapa anajua siku ya mnada, anajua kisima kipi hutumika wakati wa kiangazi, na anajua simu ya nani hupatikana. Ujuzi huo haufunzwi Seattle wala Nairobi.

Pa kuanzia

Tangu 2013 huduma za afya zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti hununua vitanda na mashine, na wananchi huviona. Utafiti hauonekani upesi hivyo, kwa hiyo ni rahisi kuusahau katika bajeti.

Hata hivyo, mwanzo wake si ghali. Burkitt alianza na daftari la chumba cha upasuaji, kisha pauni 25. Afisa wa kliniki anayeandika kwa uaminifu umri wa mgonjwa, kijiji chake, dalili na muda aliongoja kabla ya kuja, ameshaanza kazi ya utafiti hata kama hajaitwa mtafiti. Daftari likiandikwa "maumivu ya tumbo" pekee, hakuna profesa atakayelifufua baada ya miaka kumi.

Kinachofuata ni mlezi: daktari bingwa aliye tayari kulisoma daftari hilo pamoja na kijana, kumwonyesha kosa, na kumruhusu aweke jina lake la kwanza katika ripoti. Ndinya-Achola na wenziwe waliijenga shule ya namna hiyo kutokana na kliniki ya maradhi ya zinaa, maradhi ambayo wengi waliyaonea haya.

Mzee wa Merti hatapona kwa sababu ramani imechorwa. Atapona siku muuguzi wa zahanati iliyo karibu naye atakapomuuliza, kabla hajafunga mkojo, anaamka mara ngapi usiku. Ili muuguzi ajue kuliuliza swali hilo na ajue la kufanya akijibiwa, lazima mtu awe amewahesabu wazee wa Merti kwanza.